Lenzi za zamani za picha za watu

Lenzi za zamani za picha za watu ni lenzi za kamera zenye urefu wa fokasi wa milimita (mm) 75 hadi 135 hivi, zilizotengenezwa kabla ya fokasi otomatiki kuenea katika miaka ya 1980. Mpiga picha hulenga kwa mkono, akizungusha pete iliyo kwenye lenzi yenyewe mpaka macho ya anayepigwa picha yaonekane wazi. Mifano inayojulikana ni Sonnar ya Carl Zeiss, Jupiter-9 ya Umoja wa Kisovyeti, Nikkor 105 mm ya Japani na Trioplan ya Meyer-Optik.

Lenzi hizi zimeanza kutumika tena kwa wingi kwa sababu zinaweza kufungwa kwenye kamera za kidijitali kwa njia ya adapta, na nyingi kati yake huuzwa kwa bei ndogo kuliko lenzi mpya. Hata hivyo kuzilinganisha si jambo rahisi. Mengi yanayosemwa kuwa ni sifa ya lenzi fulani hutokana na umbali aliosimama mpiga picha, ukubwa wa tundu alilotumia, au hali ya kipande kimoja kilichokaa miaka hamsini kabatini. Tofauti inayobaki baada ya hayo kuondolewa ndiyo ya lenzi yenyewe. Tofauti hiyo hutokana zaidi na jinsi mbunifu alivyosahihisha kasoro za mwanga, na kasoro alizoamua kuziacha.

## Jina

Katika mazungumzo ya kawaida lenzi yoyote yenye urefu wa fokasi mkubwa kuliko ule wa lenzi ya kawaida ya 50 mm huitwa telefoto. Kwa maana ya kitaalamu, lenzi ya telefoto ni ile ambayo mwili wake ni mfupi kuliko urefu wake wa fokasi. Hilo hupatikana kwa kuweka kundi la vioo linalokusanya miale mbele, na kundi linaloitawanya kidogo nyuma. Lenzi nyingi za 85 mm si telefoto kwa maana hiyo ya pili. Katika makala hii neno hilo limetumika kwa maana ya kawaida.

Namba f ni uwiano kati ya urefu wa fokasi na kipenyo cha tundu la lenzi. Lenzi ya 85 mm yenye f/2 ina tundu lenye kipenyo cha mm 42.5. Namba f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaoingia ni mwingi.

## Umbali na umbo la uso

Husemwa mara nyingi kwamba lenzi ndefu "hupendezesha uso". Kwa kweli umbo la uso katika picha huamuliwa na umbali kati ya kamera na mtu. Lenzi huamua tu ni sehemu gani ya kile kinachoonekana itakayojaza picha. Kwa kuwa lenzi ndefu humlazimisha mpiga picha kurudi nyuma, sifa ya umbali hupewa lenzi.

Jambo hili linaweza kupimwa kwa hesabu fupi. Tuchukue kwamba kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni sentimita (sm) 12. Kamera ikiwa sm 50 kutoka kwenye pua, masikio yako umbali wa sm 62. Pua itaonekana kubwa kwa asilimia 24 kuliko ambavyo ingeonekana kama ingekuwa kwenye mstari wa masikio. Kamera ikirudi hadi mita 1.5, ziada hiyo hushuka hadi asilimia 8. Kwenye mita 2.4 ni asilimia 5 tu.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, tofauti kubwa iko kati ya kusimama karibu sana na kusimama kwenye mita moja na nusu. Pili, kutoka hapo hadi mita mbili na nusu umbo la uso hubadilika kidogo. Kwa hiyo anayechagua kati ya lenzi ya 85 mm na ya 135 mm hachagui sana umbo la uso. Anachagua zaidi nafasi ya chumba alichonacho, ukaribu wake na anayepigwa picha, na namna mandharinyuma yatakavyoonekana.

## Kina cha ukali na ukungu wa nyuma

Kina cha ukali ni unene wa eneo, kutoka mbele kwenda nyuma, ambalo huonekana wazi katika picha. Kilicho nje ya eneo hilo huonekana kwa ukungu. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, lakini yanafuata kanuni tofauti.

Uso ukipigwa kwa ukubwa uleule katika picha, kina cha ukali hutegemea karibu kabisa namba f peke yake. Lenzi ya 50 mm na ya 85 mm, zote zikiwa f/2, hutoa kina kilekile ikiwa mpiga picha wa lenzi fupi amesogea mbele ili uso uwe na ukubwa uleule.

Ukungu wa vitu vya mbali sana hufuata kipenyo halisi cha tundu. Taa iliyo mbali kabisa nyuma ya mtu itageuka kuwa duara. Upana wa duara hilo, ukipimwa kwa kulinganishwa na uso ulio kwenye fokasi, ni sawa na kipenyo cha tundu la lenzi. Kwa lenzi yenye tundu la mm 42, taa ya mbali itaonekana kama duara la sm 4.2 kando ya uso. Kwa lenzi ya 50 mm f/2 duara litakuwa la sm 2.5 tu. Ndiyo maana lenzi ndefu huonekana "kuyeyusha" mandharinyuma hata kama kina chake cha ukali hakijapungua.

Jedwali lifuatalo limehesabiwa kwa picha ya wima ya kichwa na mabega, yenye kuonyesha eneo la urefu wa sm 60, kwenye filamu ya 24 × 36 mm. Imechukuliwa kwamba nukta yenye upana wa mm 0.03 kwenye filamu bado huonekana kali.

| Lenzi | Kipenyo cha tundu | Umbali wa kusimama | Kina cha ukali |
|---|---|---|---|
| 50 mm f/2 | mm 25 | m 0.9 | sm 3.5 |
| 85 mm f/1.5 | mm 57 | m 1.5 | sm 2.6 |
| 85 mm f/2 | mm 42.5 | m 1.5 | sm 3.5 |
| 100 mm f/2.8 | mm 36 | m 1.8 | sm 4.9 |
| 105 mm f/2.5 | mm 42 | m 1.9 | sm 4.4 |
| 135 mm f/2.8 | mm 48 | m 2.4 | sm 4.9 |
| 135 mm f/3.5 | mm 39 | m 2.4 | sm 6.2 |

Lenzi ya 85 mm f/2 na ya 105 mm f/2.5 zina tundu la karibu kipenyo kimoja. Ukungu wa mbali utalingana, ila ile ya 105 mm huacha kina cha ukali kikubwa kidogo. Lenzi ya 135 mm f/2.8, ambayo mara nyingi ni ya bei ndogo, hutoa ukungu mwingi zaidi kuliko zote mbili, na wakati huohuo humpa mpiga picha nafasi zaidi ya kukosea kidogo katika kulenga. Kwa mwanafunzi mwenye fedha kidogo na uwanja wa kutosha, namba hizi zina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye lenzi.

## Historia

### Petzval

Lenzi ya kwanza iliyobuniwa kwa hesabu kwa ajili ya picha za watu ilitokana na kazi ya Joseph Petzval, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Vienna, mwaka 1840. Mwaka mmoja kabla yake, njia ya Daguerre ya kupiga picha ilikuwa imetangazwa nchini Ufaransa, lakini lenzi zilizokuwapo zilikuwa na tundu dogo na mtu alilazimika kukaa bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Lenzi ya Petzval, iliyotengenezwa na kampuni ya Voigtländer, ilikuwa na tundu la f/3.6 hivi na iliingiza mwanga zaidi ya mara kumi. Kukaa kwa dakika kukawa kukaa kwa sekunde, na biashara ya studio za picha ikawezekana.

Lenzi hiyo ilikuwa kali katikati na hafifu pembeni. Kwa picha ya uso kasoro hiyo haikuwa hasara kubwa, kwani uso hukaa katikati.

### Ernostar na Sonnar

Katika miaka ya 1920 Mjerumani Ludwig Bertele, akiwa katika kampuni ya Ernemann mjini Dresden, alibuni Ernostar, lenzi yenye tundu kubwa sana kwa wakati wake. Ilifungwa kwenye kamera ya Ermanox, ambayo Erich Salomon aliitumia kupiga picha za wanasiasa ndani ya vyumba bila taa za ziada. Ernemann ilipounganishwa katika Zeiss Ikon mwaka 1926, Bertele aliendeleza wazo hilohilo hadi akapata Sonnar, iliyotoka pamoja na kamera ya Contax mwaka 1932. Jina hilo linahusiana na neno la Kijerumani lenye maana ya jua. Sonnar ya 85 mm f/2 ikawa mojawapo ya lenzi kuu za picha za watu kwa kamera ndogo.

Sonnar ilikuwa na faida moja kubwa kwa zama zile. Kila mahali ambapo mwanga hutoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka kwenye kioo kwenda hewani, asilimia 4 hivi hurudishwa nyuma. Sonnar ya 85 mm ilikuwa na vipande 7 vya kioo, lakini viligundishwa pamoja katika makundi 3 tu, hivyo nyuso zilizogusa hewa zilikuwa 6. Mwanga uliofika kwenye filamu ulikuwa asilimia 78 hivi. Lenzi yenye makundi 6 yasiyogundishwa ina nyuso 12, na mwanga unaofika ungekuwa asilimia 61 tu. Zaidi ya hasara yenyewe, mwanga uliorudishwa ulizunguka ndani ya lenzi na kuipausha picha.

### Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mji wa Jena, makao ya Zeiss, uliingia katika eneo lililokaliwa na Wasovyeti mwaka 1945. Mitambo na wataalamu walihamishiwa Umoja wa Kisovyeti kama sehemu ya fidia ya vita. Kamera ya Contax ikaendelea kutengenezwa mjini Kiev, katika kiwanda cha Arsenal, kwa jina la Kiev. Lenzi za Sonnar zikapewa jina la Jupiter. Jupiter-9 ni mfuasi wa moja kwa moja wa Sonnar 85 mm f/2, yenye vipande 7 katika makundi 3.

Japani ilifuata njia nyingine. Kampuni ya Nippon Kogaku, ambayo baadaye ilijulikana kama Nikon, ilitengeneza Nikkor ya 85 mm f/2 kwa kufuata wazo la Sonnar lakini kwa vipande 5. Herufi P katika jina Nikkor-P ilisimama badala ya idadi hiyo. Mwaka 1950 mpiga picha Mjapani Jun Miki alimpiga picha David Douglas Duncan wa jarida la Life kwa lenzi hiyo mjini Tokyo. Duncan alipoona ukali wa picha hiyo alikwenda kiwandani kujionea lenzi zikipimwa. Muda mfupi baadaye alizitumia lenzi za Nikkor kwenye kamera zake za Leica katika Vita vya Korea. Tangu hapo lenzi za Kijapani zilianza kuheshimiwa Marekani na Ulaya.

## Miundo mikuu

### Sonnar

Katika lenzi za muundo huu vipande vinene vya kioo hugundishwa pamoja. Tundu likiwa wazi kabisa, miale ya pembeni haikutani mahali pamoja na miale ya katikati. Hii huitwa kasoro ya tufe. Katika Sonnar nyingi za zamani kasoro hiyo imeachwa kidogo. Matokeo yake ni kwamba macho huonekana wazi huku vinyweleo na mikunjo midogo ya ngozi ikifunikwa na ulaini mwepesi. Ukungu wa nyuma huwa mtulivu, na duara za mwanga hufifia taratibu kuelekea pembeni.

Gharama ya ulaini huo ni kuhama kwa fokasi. Ukilenga tundu likiwa wazi kisha ukalibana hadi f/4, mahali pa ukali husogea kidogo. Dawa yake ni kulenga tundu likiwa tayari limebanwa kwenye namba itakayotumika.

### Gauss na Biotar

Muundo wa Gauss huweka vioo kwa karibu ulinganifu pande mbili za tundu. Biotar ya 75 mm f/1.5 ya Zeiss ni mfano wake, na Helios-40 ya 85 mm f/1.5 ya Umoja wa Kisovyeti ilitokana nayo. Katika lenzi hizi mbili tundu huonekana kama jicho la paka linapotazamwa kutoka pembeni, kwa sababu kingo za lenzi hukata sehemu ya mwanga. Duara za mwanga pembeni mwa picha hugeuka kuwa za umbo la yai na kujipanga kuzunguka katikati. Majani ya mti yaliyo nyuma ya mtu huonekana kana kwamba yanazunguka kama maji ya kimbunga. Wapo wanaoitafuta lenzi kwa sababu hiyo, na wapo wanaoiepuka kwa sababu hiyohiyo.

### Tripleti

Tripleti ina vipande 3 vya kioo visivyogundishwa. Ilibuniwa na Mwingereza Dennis Taylor mwaka 1893. Trioplan ya 100 mm f/2.8 kutoka Görlitz, Ujerumani, ni ya aina hii. Katika ukungu wake wa nyuma kila nukta ya mwanga huwa na ukingo unaong'aa kuliko katikati yake, mfano wa povu la sabuni. Mandharinyuma yakiwa na nukta nyingi za jua kati ya majani, mapovu hayo huonekana wazi. Mandharinyuma yakiwa ukuta mtupu, hayaonekani kabisa. Hivyo anayejaribu Trioplan mbele ya ukuta hawezi kujua kwa nini watu huisifu.

## Ulinganisho wa lenzi kadhaa

Jupiter-9 (85 mm f/2). Ina mabapa 15 ya tundu, hivyo tundu hubaki karibu duara kamili kila linapobanwa. Matoleo mengi hayana tundu linalojifunga lenyewe. Mpiga picha huweka namba anayoitaka kwa pete moja na kubana tundu kwa pete nyingine. Ilitengenezwa katika viwanda kadhaa, na ubora wa kipande kimoja na kingine umejulikana kutofautiana. Kwenye f/2 ni laini, na kuanzia f/4 huwa kali. Ilitoka katika vifungio tofauti. Toleo la skrubu ya mm 39 la kamera za kipimaumbali halifanani na toleo la skrubu ya mm 39 la kamera za Zenit za mwanzo, ingawa nyuzi zake hulingana. La kwanza likifungwa kwenye Zenit haliwezi kulenga mbali.

Nikkor 105 mm f/2.5. Toleo la kwanza kwa kamera ya Nikon F lilitoka mwaka 1959 na lilikuwa la muundo wa Sonnar wenye vipande 5 katika makundi 3. Mwaka 1971 lilibadilishwa kuwa la muundo wa karibu na Gauss, vipande 5 katika makundi 4, ili liwe bora zaidi kwenye umbali mdogo ambao picha nyingi za watu hupigwa. Ni kali tangu f/2.5 na ukungu wake ni mtulivu. Steve McCurry alitumia lenzi ya aina hii mwaka 1984 kupiga picha ya msichana wa Afghanistan iliyotokea kwenye jalada la National Geographic mwezi Juni 1985. Picha hiyo imeiongezea lenzi sifa kubwa, ingawa mwanga laini, rangi za nguo na ukuta, na mtazamo wa msichana mwenyewe ndivyo vinavyokumbukwa.

Sonnar 135 mm f/3.5 ya Carl Zeiss Jena. Ilitengenezwa Ujerumani Mashariki kwa kifungio cha M42. Ina vipande 4 katika makundi 3 na matoleo yake ya baadaye hulenga hadi mita 1, karibu kuliko lenzi nyingi za 135 mm za wakati wake. Ni kali hata tundu likiwa wazi. Kwa kuwa haiachi ulaini mwingi, huonyesha ngozi ilivyo.

Pentacon 135 mm f/2.8. Ilitokana na Orestor ya Meyer-Optik. Toleo lake la zamani lina mabapa 15. Toleo la baadaye, lenye tundu linalojifunga lenyewe, lina mabapa 6. Mnunuzi anayetaka duara laini za mwanga hata tundu likibanwa hana budi kuhesabu mabapa kabla ya kulipa, kwa kuwa jina ni lilelile.

Helios-40 (85 mm f/1.5). Ina uzito unaokaribia kilo moja. Kina chake cha ukali kwenye picha ya kichwa na mabega ni sm 2.6, kwa hiyo mtu akiyumba kidogo tu baada ya kulengwa, macho hutoka nje ya fokasi. Inafaa zaidi kwa anayepigwa picha akiwa ameketi.

## Tabaka za kuzuia mng'ao

Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alisajili hataza ya njia ya kupaka kioo tabaka jembamba linalopunguza mwanga unaorudishwa. Lenzi za kabla ya hapo hazina tabaka. Za miaka ya 1950 na 1960 nyingi zina tabaka moja, na kuanzia miaka ya 1970 tabaka nyingi zilienea. Pentax ilitangaza tabaka zake nyingi kwa lenzi za Takumar mwaka 1971.

Lenzi yenye tabaka moja ikielekezwa upande wa jua hutandaza mwanga hafifu juu ya picha nzima. Vivuli hupauka kwanza. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyesimama na jua au anga jeupe nyuma yake huathirika zaidi katika picha kama hiyo, kwa sababu rangi ya uso wake iko katika sehemu ya giza ya picha, na mng'ao huigeuza kuwa kijivu. Kofia ya lenzi, au hata kiganja kinachozuia jua lisipige kioo cha mbele, hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Lenzi mbili zikilinganishwa juani, moja ikiwa na kofia na nyingine haina, ulinganisho huo hauna maana.

## Matumizi kwenye kamera za kidijitali

Kila kifungio kina umbali wake maalumu kati ya lenzi na filamu. Kwa M42 ni mm 45.46 na kwa Nikon F ni mm 46.5. Kamera za kidijitali zisizo na kioo cha refleksi zina umbali mdogo zaidi. Kifungio cha Sony E kwa mfano ni mm 18, hivyo nafasi iliyobaki hujazwa na adapta, na karibu lenzi yoyote ya zamani hufanya kazi. Lenzi ya M42 kwenye kamera ya refleksi ya Nikon haiwezi kulenga mbali bila adapta yenye kioo cha ziada, na kioo hicho mara nyingi hupunguza ubora wa picha.

Lenzi za Nikkor zilizotengenezwa kabla ya mfumo wa AI wa mwaka 1977, ikiwa pete yake haijakatwa, zinaweza kuharibu baadhi ya kamera za Nikon za baadaye zikifungwa bila kukaguliwa.

Kwenye kamera yenye kihisi kidogo, chenye kizidishio cha 1.5, lenzi ya 85 mm huonyesha eneo sawa na la 127.5 mm kwenye filamu. Katika chumba cha kawaida hilo huilazimisha kamera kurudi hadi ukutani. Kwa kihisi cha aina hiyo lenzi ya zamani ya 50 au 58 mm hufaa kazi ileile.

## Kukagua lenzi iliyotumika

Umri huharibu lenzi kwa njia zinazojulikana:

* Kuvu huota ndani ya vioo mahali penye unyevunyevu, kama vile miji ya pwani, na huonekana kama nyuzi au matawi madogo. Kikikaa muda mrefu hula tabaka la kioo.
* Utando mweupe hutokana na mafuta yaliyopanda juu ya vioo. Huonekana tochi ikimulikwa kutoka upande wa pili, na hupunguza sana utofauti kati ya mwanga na kivuli.
* Mafuta kwenye mabapa huyafanya yafunge polepole au yasifunge kabisa.
* Grisi iliyokauka huifanya pete ya fokasi kuwa nzito, jambo linalofanya kulenga uso unaosogea kuwa kugumu.
* Gundi iliyoachia kati ya vipande huonyesha rangi za upinde wa mvua au mapovu. Lenzi za Sonnar, zenye vipande vingi vilivyogundishwa, zahitaji kuangaliwa zaidi kwa hili.

Mikwaruzo michache kwenye kioo cha mbele huwatisha wanunuzi lakini kwa kawaida haionekani kwenye picha. Utando, ambao hauonekani dukani bila tochi, hudhuru zaidi.

## Kulinganisha kwa haki

Ili tofauti ionekanayo iwe ya lenzi, mambo mengine yote hayana budi kulinganishwa. Mtu anayepigwa picha huketi mahali pamoja, na kamera huwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Lenzi zikiwa na urefu tofauti wa fokasi, kamera husogezwa mpaka uso uwe na ukubwa uleule. Mandharinyuma yawe na majani au taa, wala yasiwe ukuta peke yake. Kila lenzi hupigwa tundu likiwa wazi kabisa, kisha kwenye f/4 na f/8, ikilengwa upya kila mara kwenye jicho lilelile.

Kwenye f/8 lenzi nyingi zilizotajwa hapa, zikiwa safi, hutoa picha ambazo ni vigumu kuzitofautisha. Anayepiga picha zake nyingi kwenye f/8 studioni hana sababu kubwa ya kulipia jina. Tofauti hujitokeza kati ya tundu lililo wazi na f/4: Jupiter-9 hulainisha ngozi, Nikkor huiacha wazi, Helios huzungusha majani, na Trioplan hutawanya mapovu. Mchaguzi hujiuliza kwanza ni ipi kati ya hizo anayoitaka kwa uso ulio mbele yake, kisha huangalia kama lenzi anayouziwa ni safi kiasi cha kuweza kuitoa.